Miti ya ua iliyobanana: kwa nini misipresi ya nyumbani hukauka, na namna ya kuipunguza bila hasara

Katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ni vigumu kupita katika barabara ya kilimani pasipo kuona ua wa misipresi. Ni ule mti wa kijani kibichi ambao wengi huuita isederi, na ambao wakazi wa Kenya huufahamu kwa jina la saiprasi. Ulipandwa kuzunguka makanisa, shule na ofisi za serikali, kisha ukaingia majumbani, kwa sababu mche wake hupatikana kwa urahisi, hukua haraka na haupukutishi majani kiangazi wala masika. Leo nyua nyingi kati ya hizo zimeacha kuwa nyua. Zimegeuka safu za miti mirefu, myembamba, iliyo mitupu chini na mizito juu, nayo imesimama mita chache tu kutoka kwenye paa la nyumba.

Kila msimu wa mvua unapokaribia, swali ni lile lile: miti hiyo ikatwe yote, ipunguzwe, au iachwe kama ilivyo? Hakuna jibu moja linalofaa kila uwanja. Hata hivyo, zipo kanuni chache zinazotokana na maumbile ya mti wenyewe, na mwenye nyumba asiyezijua anaweza kuua ua wa miaka 15 kwa kazi ya asubuhi moja, au kuangusha juu ya nyumba yake mti ambao ungesimama laiti wenzake wasingeondolewa kwa pupa.

Msipresi ni mgeni katika ukanda huu. Jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, lina maana ya msipresi wa Ureno, lakini jina hilo hupotosha: mtaalamu wa mimea Philip Miller, aliyeupa mwaka 1768, aliujua kutokana na miti iliyokuwa ikikuzwa Ureno, ilhali asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika Mashariki hustawi zaidi kati ya mita 1,500 na 3,000 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana hupendeza Kayanza, Muramvya, Musanze na Kabale, lakini katika joto la tambarare ya Imbo, uliko mji wa Bujumbura, mti huo hauna raha, na aliyeupanda huko hana budi kutarajia udhaifu wa mapema hata kama ameutunza vyema. Nchini Rwanda, bustani ya miti ya Ruhande mjini Huye, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930, ni miongoni mwa mahali ambapo miti mingi ya kigeni ilijaribiwa kabla ya kusambazwa vijijini.

Mti usiochipua kwenye mbao tupu

Kosa kubwa linalofanywa na wenye nyua hutokana na kuufananisha msipresi na mkaratusi. Mkaratusi ukikatwa hadi kwenye kisiki, baada ya wiki chache hutoa machipukizi, na mwenye shamba huchagua mawili au matatu yaliyo imara na kuyaacha yakue. Msipresi haukujaliwa hivyo. Uhai wake wa kuchipua umo katika sehemu zenye majani ya kijani tu. Tawi likikatwa ndani kabisa, pale palipobaki ukuni wa kahawia usio na jani hata moja, halitachipua tena, na pengo lililofanywa hapo litabaki pengo kwa maisha yote ya mti huo.

Jambo hili ni dogo kulitamka, lakini karibu mashauri yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Ua uliopanuka hadi kuziba njia hauwezi kurudishwa nyuma mita moja kwa pigo moja la panga, maana utaonyesha ukuta wa vijiti vikavu. Ua uliofikia mita nane hauwezi kukatwa hadi mita mbili ukategemewa kuvaa majani upya, iwapo chini ya hizo mita mbili matawi yalikwisha kufa zamani. Na kisiki cha msipresi uliokatwa chini kabisa kimekufa. Hakuna haja ya kukimwagia dawa wala chumvi kama wafanyavyo baadhi ya watu.

Kwa nini, basi, matawi ya chini hufa? Mara nyingi mwenye nyumba hushuku ugonjwa, au humlaumu jirani kwa kumwaga maji ya sabuni. Sababu ya kawaida ni nyepesi kuliko hizo, nayo ni kiza. Miche ya ua hupandwa kwa nafasi ya nusu mita hivi, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ikiachwa bila kukatwa, kila mti hukimbilia juu kutafuta jua ambalo mwenzake anataka kulizuia. Katika ardhi nzuri mti mchanga unaweza kuongeza zaidi ya mita moja kwa mwaka. Vilele hukutana, mwanga haufiki tena chini, na tawi lisilopata mwanga huwa mzigo kwa mti, nao huliacha likauke. Ukavu huo huanzia chini ukipanda juu, na hutokea kwa miti yote ya safu kwa kadiri inayolingana, hasa upande wa ndani ambako miti imegusana. Huo si ugonjwa, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayourejesha ukijani.

Matokeo yake huonekana ndani ya nyumba pia. Vyumba vya upande huo huwa na giza na unyevu, na kuvu hushika ukutani. Majani membamba huziba mifereji ya paa, na familia inayokinga maji ya mvua hukuta pipa lina takataka kuliko maji. Bustani ya maharage au mboga iliyo kando ya safu hudumaa, kwani mizizi ya miti 40 hugombea maji na mbolea ile ile. Katika nchi ambazo kaya nyingi hazina hata hekta moja ya ardhi, ukanda wa mita tatu usiozaa kitu kuzunguka kiwanja si hasara ya kudharau. Lipo pia suala la moto. Vijiti vikavu vilivyosongamana katikati ya ua, vikiwa na utomvu, huwaka kwa kasi ya kutisha, na jiko la nje au shimo la kuchomea taka huwa mara nyingi limewekwa papo hapo penye kivuli.

Ua au safu ya miti

Anayetaka kuokoa hali hana budi kwanza kuamua anachokitaka, kwa maana kuna mambo mawili na la katikati halipo. Ama anataka ua, yaani ukuta wa majani usiozidi mita mbili hivi, unaokatwa bila kukosa angalau mara mbili kwa mwaka. Ama anataka safu ya miti halisi, yenye nafasi ya kutosha, itakayozuia upepo na siku moja kutoa mbao. Wengi walianza na la kwanza, wakachoka, wakajikuta na mchanganyiko usio na faida ya lolote kati ya hayo.

Kwa ua ambao bado ni mchanga, na ambao majani yake ya chini yangali hai, kazi ni nyepesi. Pande zake zikatwe mapema, tangu mwaka wa kwanza au wa pili, bila kusubiri ufikie kimo. Kilele kikatwe ua unapokaribia urefu unaotakiwa. Umbo lake liwe pana chini na jembamba juu, mfano wa paa lenye mteremko mkali, ili jua lifike mpaka kwenye nyayo. Watunza bustani wengi hufanya kinyume chake pasipo kujua, kwa sababu mkono huchoka unapokata chini na hujikuta ukikata zaidi pale palipo usawa wa kifua; baada ya miaka michache ua huwa na kichwa kikubwa na miguu mitupu. Mkasi wa bustani ulionolewa hufanya kazi safi kuliko panga, ambalo hupasua vitawi na kuacha ncha zilizochanika.

Ua uliozidi kimo kwa kiasi, tuseme mita tatu au nne, unaweza kushushwa, mradi pasiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na mradi chini ya mkato pabaki matawi mengi ya kijani. Mti hupewa msimu mzima kupona kabla ya kuguswa tena. Upande mmoja unaweza kukatwa mwaka huu, wa pili mwaka ujao.

Miti iliyokwisha kufika mita 8, 10 au 12 haiwezi tena kuwa ua. Hapo njia yenye maana ni kupunguza idadi, na ndipo penye hatari kubwa.

Miti iliyolelewa kwa kubanana hutegemeana. Upepo unapopiga, kilele cha mmoja huegemea kilele cha mwenzake, na mizizi iliyosukana chini ya ardhi hushikana kama vidole vya mikono miwili. Kwa kuwa hakuna mti uliowahi kuyumba peke yake, hakuna uliojenga shina nene wala mizizi mipana. Mwenye nyumba akiondoa miti mitatu katika kila minne kwa siku moja, iliyobaki husimama ghafla peke yake mbele ya dhoruba bila kuwa na nguvu ya kufanya hivyo. Ajabu ni kwamba mara nyingi huanguka si siku ya kukatwa kwa wenzake, bali miezi kadhaa baadaye, mvua kubwa inapolainisha udongo, na watu husema ni bahati mbaya.

Upo ukaguzi rahisi ambao wanamisitu huutumia kupima uimara wa mti wa aina hii, na mtu yeyote anaweza kuufanya nyumbani. Urefu wa mti hugawanywa kwa kipenyo cha shina lake katika usawa wa kifua, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Mti wenye mita 12 na kipenyo cha sentimita 20 hutoa 60, ambayo ni nzuri. Mti wa urefu ule ule wenye kipenyo cha sentimita 12 hutoa 100, na huo huhesabiwa kuwa dhaifu mbele ya upepo. Juu ya 80 tahadhari huanza. Kipenyo hupatikana kwa kuzungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina na kugawanya mzingo kwa 3.14. Urefu hupatikana hata bila ngazi: mtu hushika fimbo yenye urefu sawa na mkono wake ulionyooshwa, akaisimamisha wima mbele ya jicho, kisha akarudi nyuma katika ardhi tambarare hadi fimbo ilingane na mti kutoka shinani mpaka kileleni. Umbali kati yake na mti hukaribia kuwa urefu wa mti. Umbali huo huo humwonyesha pia kilele kingeangukia wapi, jambo ambalo kwa wengi huwa la kushtua zaidi kuliko hesabu yenyewe.

Kupunguza kwa awamu

Chukua mfano wa mpaka wenye mita 20 na miti kama 40, iliyopandwa kwa nafasi ya nusu mita. Lengo la mwisho liwe mti mmoja kila mita mbili au mbili na nusu, yaani miti minane hadi kumi. Haifikiwi kwa hatua moja. Mwaka wa kwanza huondolewa ile iliyokufa, iliyopinda, iliyopasuka na ile myembamba kupita kiasi, ambayo kwa kawaida ni theluthi hivi ya safu. Baada ya miaka miwili, iliyobaki ikiwa imeanza kunenepa, huondolewa awamu ya pili, na kadhalika. Haifai kufuata hesabu ya mti mmoja baada ya mwingine kwa upofu. Ikiwa miti miwili mizuri imekaribiana na mibaya mitatu imefuatana, ni mibaya itakayoondoka, hata kama safu haitakuwa na mapengo yaliyo sawa. Uzuri wa mstari ulionyooka umeharibu safu nyingi.

Kama miti yote ina uwiano wa juu ya 100 na nyumba imo ndani ya umbali wa kuanguka, ukweli mchungu ni kwamba kupunguza hakutasaidia. Safu hiyo ni afadhali iondolewe nzima, kipande kwa kipande, na kupandwa upya. Ni ushauri usiopendeza kwa aliyeipanda kwa mikono yake au kuirithi kwa mzazi, lakini paa huchukua muda mrefu kulipa kuliko ua kuota.

Kazi ya kukata hufanywa kiangazi, udongo ukiwa mkavu na upepo haujaanza kutangulia mvua. Mti ulio karibu na nyumba, choo au barabara haukatwi kutokea chini. Hushushwa kwa vipande kuanzia kileleni, kila kipande kikiwa kimefungwa kamba, na mtu mwenye uzoefu ndiye apande. Watazamaji, hasa watoto, wakae mbali kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Mti uliogusana na nyaya za umeme haumhusu mwenye nyumba wala fundi wa mtaani. Shirika la umeme liarifiwe kwanza, likate umeme. Visiki vikatwe usawa wa ardhi na kuachwa vioze, kwani kuving'oa hukata mizizi ya miti ile ile ambayo mtu anajaribu kuiokoa.

Kilichokatwa kina thamani. Miti myembamba hufaa kuwa nguzo na fito, iliyonenepa hutoa mbao za makabati na milango, na matawi ni kuni. Awamu ya kwanza mara nyingi hulipa gharama za fundi. Kabla ya kuuza au hata kukata, hata hivyo, ni vyema kuuliza kwa uongozi wa mahali, kwa kuwa sheria za misitu hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mti ulio kwenye kiwanja cha mtu binafsi unaweza kuhitaji kibali.

Ukavu wa aina nyingine

Si kila ukavu ni wa kiza. Mwaka 1986 wadudu wadogo wa jamii ya vidukari, wanaofyonza utomvu wa misipresi, waligunduliwa nchini Malawi, na katika miaka michache walienea kaskazini. Mwaka 1990 walikuwa wamefika Kenya. Nyua za nyumbani na misitu ya serikali vilikauka kwa pamoja, na hasara ilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Watafiti walijibu kwa kuleta kutoka Ulaya nyigu wadogo mno, wasiomdhuru mtu, ambao hutaga mayai ndani ya vidukari hao, wakaachiliwa katika nchi kadhaa zikiwamo Malawi, Kenya na Uganda. Mashambulizi yalipungua, ingawa wadudu hawakutoweka.

Dalili zao ni tofauti na za kiza. Ukavu huja kwa mabaka, mti mmoja ukawa kahawia wakati jirani yake ni kijani. Matawi hunata kwa umajimaji mtamu, na juu yake huota kuvu nyeusi kama masizi. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ni ishara nyingine. Wadudu huongezeka zaidi wakati wa ukavu, na mti uliokwisha kudhoofika kwa kubanana hauna nguvu ya kuwastahimili. Tawi lililoathirika hukatwa na kuchomwa mbali na ua. Kunyunyiza sumu kwenye miti ya mita kumi ni kazi isiyo na tija, na huua pia wale nyigu wanaosaidia.

Kenya ilikuwa imewahi kupata funzo kama hilo. Aina nyingine ya msipresi, Cupressus macrocarpa kutoka California, ilipandwa kwa wingi katika nyanda zake za juu, kisha ikaharibiwa na kuvu inayosababisha vidonda vya shina, ndipo nafasi yake ikachukuliwa na huu uliopo sasa. Kwa hiyo anayepanda upya aina moja tu mpaka mzima anarudia mchezo ambao ukanda huu umeshapoteza mara mbili.

Mpaka na jirani

Mti ulio mpakani hutia kivuli pande zote mbili, lakini mwenye kuamua ni mmoja. Huko Ufaransa sheria ya kiraia husema kwamba, pasipokuwa na kanuni au desturi nyingine ya mahali, mti utakaozidi mita mbili upandwe angalau mita mbili kutoka mpakani. Uingereza nako, tangu mwaka 2005, mkazi anayesumbuliwa na ua wa miti ya kijani ya kudumu unaozidi mita mbili anaweza kupeleka malalamiko kwenye halmashauri. Katika Maziwa Makuu migogoro ya namna hii huishia zaidi kwa wazee: bashingantahe nchini Burundi, kamati za abunzi nchini Rwanda. Ni rahisi zaidi kwa pande zote ikiwa majirani watapatana kabla ya kukata ni miti ipi iondoke, kuni ziende kwa nani, na nani atasimamia kamba upande wa pili. Jirani aliyeshirikishwa huruhusu tawi liangukie kwake. Asiyeshirikishwa huhesabu kila mgomba uliovunjika.

Kwa anayeanza upya, mita mbili kutoka mpakani ni kipimo kizuri hata pasipo sheria, na kwa mti utakaoachwa ukue, umbali kutoka kwenye nyumba usipungue kimo ambacho mwenyewe yuko tayari kuuruhusu ufikie. Kama haja ni ua tu, mnyaa ulitumika katika ukanda huu kabla msipresi haujaja. Huota kwa kuchomeka kijiti, hauhitaji kitalu na huvumilia ukame, ingawa utomvu wake mweupe huunguza macho na watoto waonywe. Mpodo, mti wa asili wa misitu ya milimani, ni wa kijani mwaka mzima na hukatika vizuri, lakini hukua polepole, hivyo baadhi ya watu huupanda katikati ya misipresi iliyopunguzwa na kuuacha uchukue nafasi kadiri ile ya zamani inavyoondoka, kazi inayoweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Miche hupandwa mwanzoni mwa mvua za Septemba au Oktoba, katika mashimo yaliyochimbwa kando ya mstari wa visiki vya zamani, si juu yake.